JEMBE SI ADHABU
Maneno yaliyosemwa siku ya Jubilei juu ya chama cha kilimo cha wanafunzi wa sekondari



Waliotutangulia kusema leo wameeleza habari kubwa, za makanisa yaliyojengwa na za watu waliosafiri kwa miguu siku nyingi. Sisi tumepewa neno dogo. Tumeambiwa tueleze habari za chama cha kilimo cha shule yetu ya sekondari, hapa kwetu katika nyanda za juu za kusini. Na tukisema “sisi” twataka kusema walezi wa chama hicho, yaani mwalimu mmoja wa baiolojia na katekista huyu anayesimama mbele yenu. Huenda mtu akanong’ona, “Mambo ya mahindi na kuku yana nini na Jubilei?” Twamwomba atuvumilie kidogo. Tutaeleza yaliyo mema, wala hatutaficha kosa letu, kwani Jubilei isiyo na kuungama ni ngoma tu.

Kwanza twawakumbusha mambo ya zamani. Sisi tuliopita sasa miaka arobaini tulisoma katika shule ya misheni, na tunashukuru kwa kila herufi tuliyofundishwa. Lakini jembe tulifundishwa vibaya. Aliyechelewa kengele alipimiwa kipande cha kulima. Aliyepiga kelele bwenini alipimiwa kipande cha kulima. Aliyeshindwa hesabu, naye vivyo hivyo. Bali aliyefaulu alisifiwa, na zawadi yake ilikuwa kuachiliwa asiende shambani. Basi tukajifunza somo ambalo halikuandikwa ubaoni, ya kwamba udongo ni mahali pa wakosaji. Na kumbe baba zetu na mama zetu, waliotulipia ada kwa maharage na mahindi, walikuwa wakishinda mahali pale pale kila siku ya maisha yao, wala hawakuwa wamekosa neno. Bila mtu yeyote kukusudia, tulifundishwa kuwadharau wazazi wetu.

Kwa hiyo chama kilipoanza, tulimwomba mkuu wa shule jambo moja tu kabla ya kuomba mbegu wala majembe: ya kwamba mwanafunzi aliyekosa asiletwe kwetu tena. Aadhibiwe kwa njia nyingine, lakini asiadhibiwe kwa udongo. Mkuu wa shule alicheka, kisha akafikiri, kisha akakubali. Mwaka wa kwanza walijiandikisha wanafunzi kumi na saba, wasichana kumi na mmoja na wavulana sita, tukapewa nusu eka nyuma ya jiko, ardhi iliyochoka kabisa.

Sasa twaeleza kazi zenyewe. Jumamosi ya kwanza hatukulima. Tulinyoosha kamba, tukapima. Mahindi yalipandwa sentimeta 75 kati ya mstari na mstari, na sentimeta 30 kati ya shimo na shimo, mbegu moja kila shimo. Wanafunzi wakaambiwa watafute wenyewe ni mashina mangapi yataenea katika nusu eka. Walipata kama elfu tisa. Kijana mmoja aliyekuwa akiogopa hesabu tangu darasa la tano alirudia kupiga hesabu ile mara tatu, akasema, “Kumbe namba hizi zinaota!” Tangu siku hiyo hakuziogopa sana.

Kadhalika tulitengeneza mboji: tabaka la majani makavu, tabaka la majani mabichi, samadi, na majivu kidogo, kisha maji. Fimbo ndefu ilichomekwa katikati ya lundo. Siku chache zikipita mwanafunzi huichomoa akaishika: ikiwa ya moto, lundo lafanya kazi; ikiwa baridi, yapasa kuligeuza na kulitia maji. Hivyo ndivyo tulivyoirudishia nguvu ardhi ile iliyochoka, kwa taka zilizokuwa zikichomwa moto kila Ijumaa.

Na wakati wa mavuno wanafunzi walijifunza jambo ambalo hata wazee wengi hatukulijua. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua na wengine wakafa kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota katika nafaka isiyohifadhiwa vizuri. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Basi chama chetu hakianiki mahindi juu ya udongo, bali juu ya turubai. Na kabla ya kufunga gunia, hutwaa konzi ya punje, huzitia katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu, huitikisa, kisha huiacha kidogo. Chumvi ikishikamana na chupa, mahindi hayajakauka. Wanafunzi wameipeleka chupa hiyo nyumbani kwao, na leo twaikuta jikoni kwa akina mama wasiojua kusoma.

Lakini kazi iliyotujulisha kwa watu ni ya kuku. Ninyi nyote mwakijua kideri, ambacho wengine hukiita mdondo: kuku hupinda shingo, huharisha kijani, na kwa juma moja ua wote hubaki manyoya. Dawa ya kukiponya hakuna. Iko chanjo tu. Ile iitwayo I-2 hustahimili joto kuliko chanjo nyingi, nayo hutiwa tone moja katika jicho moja la kuku, na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Bwana mifugo aliwafundisha wanafunzi wetu, nao wakaanza kuzunguka vijijini wawili wawili, alfajiri, kuku wangali bandani.

Bibi mmoja aliwafukuza. Alisema, “Wajukuu zangu, mtu mzima hatii dawa katika jicho la kitoweo.” Hawakubishana naye. Walimwamkia, wakaenda kwa jirani. Kideri kilipopita msimu ule, kuku wa bibi walikufa wote isipokuwa tetea mmoja, na wa jirani wakabaki. Hapo wanafunzi wetu wangaliweza kumcheka. Badala yake walimpelekea vifaranga wawili kutoka banda la chama, na chanjo. Bibi aliwashika kuku mwenyewe huku msichana wa kidato cha pili akitia matone, tena akawa ndiye anayewakumbusha majirani miezi mitatu ikitimia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na wanafunzi wale waliinama kwa adabu, wakapata zaidi ya kuku.

Sasa twafika kwenye kosa letu.

Mwaka wa kwanza nusu eka ile ilitoa magunia manne. Mwaka wa pili ilitoa tisa. Wanafunzi waliyahesabu mara mbili kwa furaha. Basi ikakaribia sikukuu kubwa, na wageni wengi walitazamiwa. Sisi walezi tulifungua ghala, tukatoa magunia matano, tukayapeleka jikoni kwa ajili ya wageni. Hatukuwauliza wenyewe. Tulijisemea mioyoni, “Hawa ni watoto. Watafurahi kuona kazi yao imeheshimiwa.” Wageni walikula, wakasifu, na sifa tukazipokea sisi.

Jumatatu yake alikuja mwandishi wa chama, msichana wa kidato cha tatu, na daftari lake la hesabu. Alituamkia, akainamisha macho, akasema hivi: “Nimekuja kuuliza niandike nini. Shamba limetoa magunia tisa. Ghalani mna manne. Nikiandika kwamba tumeuza, fedha iko wapi? Nikiandika kwamba tumetoa zawadi, ni nani kati yetu aliyeitoa? Nikiandika kwamba yameibwa, nitakuwa nimewatukana wakubwa.”

Tulinyamaza. Mwalimu wa baiolojia alitazama dirishani, na katekista alitazama viatu vyake. Tulimwambia aache nafasi wazi, tutamjibu. Jumamosi iliyofuata, katika wanachama waliokuwa wamefika arobaini na mmoja, walikuja wanne. Hakuna aliyegoma, wala hakuna aliyesema neno baya. Mmoja alikuwa na nguo za kufua, mwingine kichwa kilimwuma, mwingine alikuwa na mtihani. Tukaelewa. Tulikuwa tumeliondoa jembe katika adhabu, kisha tukalirudisha kwa mlango wa nyuma. Kwani kumlimisha mtu halafu kula mavuno yake bila idhini ni adhabu pia, nayo ni mbaya kuliko ile ya kwanza. Maana yule wa kwanza alijua amekosa nini.

Wala hatuwezi kusema hatukuonywa. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipoweka makao Bagamoyo mwaka 1868, shule na shamba vilianza pamoja; kwa hiyo jambo hili la jembe na kitabu si geni kwetu. Na mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika maandiko yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, hakusema tu kwamba shule iwe na shamba. Alitaka wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya shamba hilo, hesabu zake ziwe wazi, na faida au hasara waione wenyewe. Shule nyingi zilishika neno la shamba, zikaliacha neno la hesabu. Sisi nasi tulifanya vivyo hivyo, ijapokuwa tulikuwa tumeyasoma na kuyafanyia mtihani.

Basi tuliwaita wanachama wote, tukasimama mbele yao, tukasema: “Tumekosa. Magunia yalikuwa yenu.” Tuliyalipa kwa mishahara yetu, kidogo kidogo, kwa muda wa miezi mitatu. Yule mwandishi akaijaza nafasi iliyokuwa wazi, akaandika, “Yalikopwa na walezi, yamelipwa.” Neno hilo “yalikopwa” lilikuwa huruma yake, si haki yetu.

Tangu hapo chama kina sheria tatu. Ghala lina kufuli mbili, na ufunguo mmoja hukaa kwa wanafunzi. Hesabu husomwa kwa sauti kila mwisho wa mwezi mbele ya wote. Na mavuno hugawanywa mafungu matatu: fungu moja kwa mbegu na vifaa vya msimu ujao, moja kwa jiko la shule, na moja kwa wanachama wenyewe, nao ndio waamuzi. Mara nyingi fungu lao wamelitumia kumnunulia madaftari na sare mwenzao aliyepungukiwa, wala sisi hatukuwaambia.

Mtasema, sheria hizo zimeleta faida gani? Sikilizeni. Msimu uliofuata, mwaka 2017, viwavijeshi vamizi walionekana nchini mwetu, mwaka mmoja tu baada ya kugunduliwa upande wa magharibi wa bara hili. Walikula moyo wa hindi usiku, na asubuhi jani lilikuwa kama nguo iliyotobolewa. Asubuhi moja, kabla ya kengele, tuliwakuta wanafunzi thelathini na kitu wamo shambani, hatukuwaita. Wengine walikuwa wakisaga mayai kwa vidole, wengine wakiokota viwavi na kuwatia katika kopo, wengine wakimimina majivu katika moyo wa kila hindi. Walifanya hivyo muda wa majuma matatu. Tulipoteza mahindi mengi, tukavuna magunia sita. Lakini mashamba yaliyoachwa bila kuangaliwa yalipoteza zaidi. Twajiuliza mpaka leo: kama wasingalijua ya kuwa shamba ni lao, ni nani angaliamka?

Limebaki neno moja kwa wazazi. Wako waliotujia wakisema, “Hatukumpeleka mtoto shule akalime, kulima kupo nyumbani.” Neno hilo si la kipuuzi. Mzazi aliyeona kijana wake akilimishwa bure ana haki ya kuuliza. Twawajibu hivi: njoni mwisho wa mwezi, msikie hesabu zikisomwa. Mkiona mtoto wenu analimishwa tu, mtoeni, nasi hatutawazuia. Lakini mkiona anapima, anahesabu, anaamua na wenziwe, na anajibu anapoulizwa, basi mjue kwamba yuko darasani. Tena mpeni kipande kidogo nyumbani, hatua kumi kwa kumi, kiwe chake kweli, na mavuno yake msiyauze bila kumwuliza. Si kila mwanachama wetu atakuwa mkulima. Wako waliokwenda kuwa wauguzi, na mmoja ni fundi wa magari. Lakini hakuna hata mmoja anayeona haya kumtaja baba yake mkulima mbele ya watu.

Nanyi wanafunzi mlioko juani, twawaomba jambo hili. Siku moja mtakuwa walezi, wakuu wa shule, au hata mapadre, na ghala litakuwa mikononi mwenu. Siku hiyo mkumbukeni mwandishi wetu na daftari lake, na aliye mdogo akija kuwauliza aandike nini, msitazame dirishani.

Yule msichana leo ni mwalimu. Daftari lake la kwanza tumelitunza, nalo liko pale mezani pamoja na picha za Jubilei. Anayetaka alifungue, asome ukurasa wa mwaka wa pili.