MACHO HAYAUZWI DUKANI
(Maneno ya Katibu kwa wanaushirika, Mohoro)



Wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho umefika. Salfa inazuia ubwiri unga, lakini vumbi lake likiingia jichoni linachoma na kuumiza. Vijana wetu wanafunga kitambaa puani, macho wanayaacha wazi. Hiyo ni nusu ya kinga.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Mwajiri si mwenye kiwanda peke yake. Wewe uliyemwita kijana akupulizie shamba kwa malipo, ndiye mwajiri wake. Usimwambie akajinunulie.

Basi naleta hoja, tuipitishe: bomba la ushirika lisitoke ghalani bila miwani ya kuzuia vumbi na barakoa.

Mpulizaji naye aanze alfajiri, umande ungalipo na upepo umetulia, aupe upepo mgongo. Vumbi likimwingia asifikiche. Aoshe jicho kwa maji safi dakika 15, halafu aende zahanati.

Mkorosho utazaa tena mwakani. Jicho halioti mara ya pili.