Ugumu wa Kupiga Udi



Nataka kusema machache juu ya swali ambalo huulizwa mara nyingi na vijana wapendao muziki, na hata na wazazi wao wanaotakiwa kutoa fedha: Je, udi ni mgumu kupita vinanda vingine? Wako waliokwisha kulijibu kabla ya kuuliza. Husema kwamba udi ni kazi ya wazee wa Lamu na Unguja, na kwamba mtu asiyezaliwa katika nyumba ya wapigaji asijisumbue. Basi kijana huyo huenda akanunua gitaa, na udi hubaki ukitundikwa ukutani. Kwa maoni yangu jibu hilo lina nusu ya kweli tu, na ile nusu isiyo kweli imewanyima watu wengi kinanda ambacho wangaliweza kukipiga vizuri.

Yafaa kwanza tukitazame kitu chenyewe. Neno udi ni la Kiarabu, na maana yake ni mti. Ndiyo sababu udi wa kupiga na udi wa kufukiza huitwa kwa jina moja. Tumbo lake ni la mbao nyembamba zilizopindwa na kuunganishwa, mfano wa nusu ya kibuyu. Shingo yake ni fupi, na kichwa chake kimekunjwa kuelekea nyuma. Kwa desturi huwa na nyuzi 11: jozi tano, na uzi mmoja mnene ulio peke yake. Kwa kuwa tumbo ni la mviringo, kinanda hupenda kuteleza pajani, na mwanafunzi hupoteza majuma ya kwanza akijifunza kukizuia kwa mkono wa kulia, huku kiganja cha mkono huo huo kikitakiwa kiwe huru kupiga. Ugumu huo ni wa kweli, lakini ni mdogo, na hupita.

Ugumu mkubwa uko shingoni. Shingo ya gitaa imekatwa kwa vyuma vyembamba, na kidole kikibonyeza mahali po pote kati ya chuma na chuma, sauti itokayo ni ile ile. Fundi aliyelitengeneza gitaa amekwisha kumchagulia mpigaji sauti zake zote. Kadhalika kinanda cha kanisani: ukigusa kibao, sauti imekwisha kuwa tayari. Lakini shingo ya udi ni laini kama meza. Hakuna alama yo yote ya kukuonyesha mahali pa kuweka kidole, na hata ingalikuwapo usingaliiona vema, maana uso wa udi huelekea mbele, si juu.

Chukueni mfano. Udi wa Kiarabu huwa na nyuzi zenye urefu wa sentimita 61 hivi. Katika utaratibu wa sauti uitwao Rasti, iko sauti ya tatu ambayo haimo kabisa katika gitaa wala katika kinanda cha kanisani, kwa kuwa imekaa katikati ya sauti mbili ambazo vinanda hivyo vinazo. Juu ya uzi wa udi, nafasi iliyopo kati ya sauti hizo mbili ni kama sentimita 3. Mahali fulani ndani ya nafasi hiyo ndipo Rasti ilipo. Kidole kikisogea kwa upana wa punje mbili za mchele, msikilizaji mwenye mazoea ya taarabu atakunja uso, ingawa hataweza kukuambia kosa ni nini.

Hapa sisi tuliofundishwa kuimba shuleni kwa do, re, mi tuna shida yetu ya pekee. Masikio yetu yamezoezwa kudhani kwamba sauti ile ya katikati ni kosa. Nimewasikia watu wenye elimu nzuri wakisema kwamba mpigaji fulani hakulinganisha nyuzi zake, na kumbe ndiye aliyekuwa sahihi. Mtu wa namna hiyo akianza udi, vidole vyake humtii vizuri, lakini sikio humvuta kila mara kwenye sauti za shule. Kwa hiyo mwaka wa kwanza wa udi ni mwaka wa sikio zaidi kuliko wa vidole. Mwanafunzi asiyeambiwa jambo hili hujiona hana kipaji, naye huacha katika mwezi wa tatu au wa nne, wakati ambapo sikio lake limeanza tu kufunguka.

Gitaa, kwa kulinganisha, hulipa mapema. Baada ya majuma machache kijana aweza kuimbia wenzake wimbo mzima. Deni lake huja baadaye, anapotaka kupiga sauti nyingi kwa pamoja na kuzipitisha kwa vidole vyote, na hapo wengi husimama. Udi hudai deni lake mwanzoni. Sisemi kwamba kimoja ni bora kuliko kingine. Nasema kwamba yeye anayepima ugumu kwa miezi mitatu ya mwanzo anapima kwa kipimo kibovu.

Wako watakaoniuliza, Na fidla je? Fidla nayo haina vyuma shingoni, na juu ya hayo ina upinde. Mimi naona kwa mwanzo fidla ni ngumu kupita udi, na majirani wa mwanafunzi wa fidla watanishuhudia. Lakini sauti ya fidla hudumu maadamu upinde unakwenda, hata mpigaji aweza kulirekebisha kosa lake kabla halijatulia masikioni mwa watu. Sauti ya udi huzaliwa na kufa mara moja. Kidole kikianguka pabaya, imekwisha.

Kwa sababu hiyo mkono wa kulia wa mpiga udi una kazi kubwa. Hushika risha, ambayo zamani ilikuwa unyoya wa tai, na siku hizi aghalabu ni ya plastiki au pembe. Kiganja lazima kianguke chenyewe kwa uzito wake, na risha izipige nyuzi mbili za jozi sawasawa. Akigusa mmoja tu, sauti huwa nyembamba kama ya mgonjwa. Akitaka sauti idumu, hana budi kuirudisha risha upesi upesi, juu na chini, bila kukaza mkono. Atakaye kusikia mkono wa namna hiyo na asikilize rekodi za marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2016. Sikilizeni hasa pale anaponyamaza kuimba, udi ukabaki peke yake.

Ama kanuni, yenye nyuzi zaidi ya 70, kila sauti imepewa nyuzi zake, kwa hiyo kidole hakihitaji kutafuta. Lakini kuzilinganisha nyuzi zote hizo ni kazi ya kumchosha mtu kabla ya wimbo kuanza. Luti ya Ulaya, ambayo ni mtoto wa udi hata kwa jina, ilikuwa na taabu kama hiyo. Ilifungwa kamba za utumbo shingoni ili kuvionyesha vidole mahali, na kwa njia hiyo ugumu mmoja uliondoka. Lakini wapigaji wakaongeza nyuzi, hata katika karne ya 18 luti kubwa ilikuwa na jozi kama 13. Johann Mattheson, Mjerumani aliyeandika mwaka 1713, aliwacheka wapigaji wa luti kwamba mtu wa miaka 80 amekwisha kutumia miaka 60 akilinganisha nyuzi.

Narudi kwa wale wasemao kwamba kipaji hiki ni cha kuzaliwa nacho. Yasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Unguja toka 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim mpaka Misri ili akajifunze muziki. Hakumngojea mtu azaliwe na kanuni mkononi, alimtafutia mwalimu. Na mwaka 1905 vijana wa Unguja walipounda chama cha Ikhwani Safaa, walikaa pamoja wakajifunza. Jambo lililo gumu kweli leo ni kumpata mwalimu aliye karibu, hasa kwa mtu akaaye bara. Rekodi humsaidia mtu kulizoeza sikio, nazo zapatikana kwa wingi kwa simu, lakini rekodi haiwezi kukuambia kwamba kiganja chako kimekakamaa.

Neno la mwisho ni kwa yule aliyekwisha kuazimia kununua. Asiende dukani peke yake, bali afuatane na mpigaji. Watazame shingo kama haikupinda, na nyuzi kama hazikuinuka mno juu yake, maana udi wa namna hiyo huumiza vidole na kumfanya mwanafunzi ajilaumu bure. Penye unyevu wa pwani vigingi vya mti huvimba na kukwama, na penye ukavu hulegea, hata nyuzi zilizolinganishwa asubuhi zikawa zimeharibika adhuhuri. Kabla ya kulaumu kidole, pimeni kwanza nyuzi. Programu ya simu yatosha kwa kazi hiyo. Kigingi kikiteleza, kipakeni chaki kidogo. Kikikwama, sabuni kavu. Wala asitokee mtu wa kukigonga kwa nyundo.