Kamba na Kigingi: Hotuba kwa Waumini na Majirani



Tumeombwa tuseme machache kabla ua wa hekalu haujasakafiwa upya. Mbele ya kamati yako mapendekezo mawili: kuagiza duara la katikati likiwa limekwisha kukatwa kiwandani, au kulichora hapa hapa kwa mikono yetu na kukata mawe kwa kuufuata mstari. Sisi tunaunga mkono la pili, na inatupasa tueleze sababu, maana wako wanaodhani kwamba kazi ya mkono ni kazi ya kukisia.

Vitabu vya kale vya Bara Hindi vinavyofundisha upimaji wa madhabahu huitwa Sulba Sutra, na neno sulba maana yake ni kamba. Kinachojulikana zaidi ni cha Baudhayana, ambacho wataalamu hukadiria kuwa kilitungwa kati ya karne ya 8 na ya 5 kabla ya Kristo. Vyombo vyake ni kamba na vigingi. Apastamba, aliyefuata baadaye, anaeleza pia ufito wa mwanzi uliotobolewa matundu. Kwa vyombo hivyo ilipasa kupimwa mahali pa mioto mitatu, mmoja katika duara, mmoja katika mraba, mmoja katika nusu duara, na maeneo yote matatu yawe sawa. Hapo ndipo penye ugumu. Kuchora duara hata mtoto huweza. Kuchora duara lenye eneo lililo sawa na la mraba uliopewa ni jambo jingine kabisa.

Njia ya Baudhayana ni hii. Funga kamba katika kitovu cha mraba, ivute hadi kwenye kona, kisha izungushe mpaka ielekee mashariki, ikipita katikati ya ubavu. Sehemu ya kamba itatokeza nje ya mraba. Ikunje sehemu hiyo katika mafungu matatu yaliyo sawa, uache fungu moja tu nje ya ubavu. Urefu uliobaki, tangu kitovuni, ndio nusu kipenyo cha duara lako.

Tuijaribu kwa mraba wenye ubavu wa mita 2. Kutoka kitovuni hadi ubavuni ni sentimita 100. Hadi konani ni 141.4. Kilichotokeza ni 41.4, na theluthi yake ni 13.8. Nusu kipenyo basi ni sentimita 113.8, na eneo la duara ni takriban mita za mraba 4.07 badala ya 4. Limezidi kwa asilimia 1.7 hivi. Usahihi kamili hauwezi kupatikana kwa bikari na rula pekee, jambo lililothibitishwa na Ferdinand von Lindemann mwaka 1882. Lakini tazameni: katika kazi yote hiyo hapana mahali palipokisiwa.

Majirani zetu waashi huenda wakatabasamu, kwa kuwa wao hupima pembe ya msingi kwa tatu, nne na tano kila siku. Baudhayana naye anazitaja pande za 3 na 4, pamoja na 5 na 12, na nyinginezo.

Hesabu hiyo inatufaa hata kwa kitalu cha maua mbele ya lango, ingawa njia yake ni ya watunza bustani, haimo katika Sulba Sutra. Tukitaka duaradufu yenye urefu wa mita 5 na upana wa mita 3, tunapigilia vigingi viwili vilivyoachana mita 4, tunavizungushia kitanzi cha kamba cha mita 9, kisha tunachora kwa kijiti huku kamba imekazwa daima. Tatu, nne na tano zimejitokeza tena.

Neno moja kuhusu kamba yenyewe, kwani ndiyo iharibuyo kazi. Nailoni hurefuka ikivutwa; katani hubadilika ikilowa umande. Waya mwembamba ni bora. Kitanzi nacho kizunguke kigingini bila kujiviringa, la sivyo nusu kipenyo hupungua kidogo kidogo, na mstari haukutani na mwanzo wake.

Baada ya chai tutachora duara la mraba ule wa mita 2 mbele ya wajumbe wa kamati, vijana wetu wakishika kamba pamoja na mafundi wa mtaani. Atakaye kulipima na aje na futi yake. Mwanzo na mwisho wa mstari ukipishana kwa zaidi ya unene wa chaki, hatutakuwa na neno tena, na duara liagizwe.