Karatasi Mlangoni mwa Kazi: Inalinda Nani, Inaumiza Nani?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka)



Viongozi wa chama walituomba sisi, tunaotembea kila juma kati ya Baraka, Lusenda na Fizi kwa kazi ya shirika, tuseme juu ya pendekezo lililoko mezani. Kwa kifupi linasema hivi: chama kiandikie barua mji wa Baraka na teritwari ya Fizi, kuomba kila mwenye shamba, mwenye mtumbwi na mwenye tanuru la matofali alazimishwe kutazama karatasi za mtu kabla ya kumpa kazi. Asiye Mkongomani arudishwe. Mwenye kazi akikaidi, alipe faini.

Tunajua pendekezo hili limezaliwa wapi. Limezaliwa na njaa. Tangu 2015 kambi ya Lusenda inapokea ndugu zetu Warundi, na baadaye Mulongwe ikafunguliwa. Chakula cha msaada kikipunguzwa, watu wanatoka kutafuta kibarua. Tuseme siku moja ya kulima mihogo ni franka 5,000. Mtu wa kambi anakubali 3,000 juu watoto hawajala. Kesho yake mwenye shamba anamwambia mama wa Baraka: na wewe chukua 3,000, au nenda. Huyo mama amerudi toka Tanzania na mikono mitupu, shamba la baba yake limekaliwa na mtu mwingine. Akisema "kazi yetu inabebwa na watu wa kambi", hasemi uongo. Anasema anachokiona.

Basi tuanze na faida, tuzipe uzito wake.

Faida ya kwanza: sheria ya namna hii inamgusa mwenye makuta, haimgusi maskini peke yake. Anayefaidika na kibarua cha bei ya chini ndiye anaulizwa. Ya pili: ni afadhali kuliko msako. Mwaka 2013 Tanzania ilifanya Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Askari walipita kutafuta wahamiaji wasio na vibali, na makumi ya maelfu ya watu wakaondolewa, wengine wakiwa wamekaa huko miaka mingi na kuoa na kuolewa huko. Kuuliza karatasi kazini hakuvunji mlango wa mtu usiku. Ya tatu: mtumishi aliyeandikwa katika daftari anaonekana. Akiumia tanurini, inajulikana alikuwa anatumika kwa nani. Asipolipwa, iko pa kushitaki.

Hizo ni faida za kweli. Sasa tuangalie gharama, na hapa hatuhitaji kwenda mbali, maana sisi wenyewe tulikuwa upande wa pili wa mlango huo.

Tulivuka ziwa mwaka 1996, vita ilipofika kwetu. Wengi tulikaa Nyarugusu, wengine Lugufu. Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya 1998 ilisema mkimbizi akae mahali alipopangiwa, na kutoka kunahitaji kibali. Kazi nayo ilikuwa na kibali chake. Mwaka 2015 ikaja Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, ikaweka vibali vya kazi chini ya Kamishna wa Kazi, na mwajiri atakayemtumikisha mgeni bila kibali akawa na kosa pamoja na huyo mgeni. Katika maandishi, mlango ulifungwa pande zote mbili.

Je, tuliacha kufanya kazi? Kila mmoja hapa anajua jibu. Tulilima mahindi na maharage katika vijiji vya jirani, tulifyatua matofali, tulichota maji. Sheria haikuondoa kazi, iliondoa sauti ya mwenye kuifanya. Wengi walilipwa vizuri na watu wema, na hatuwezi kusahau wema huo. Lakini wako matajiri waliongoja siku ya malipo wakasema: "Kibali chako kiko wapi? Niite polisi?" Mtu aliondoka bila shilingi. Angeshitaki wapi, na kushitaki kwenyewe ni kukiri kosa? Na Mtanzania maskini wa kijiji kile alipata nini? Hakupata kitu. Mshahara wake ulivutwa chini na mtu ambaye hakuwa na ruhusa ya kukataa.

Hapo ndipo tunaomba mkae kidogo. Mtu wa kambi anashusha bei ya kibarua kwa sababu gani? Kwa sababu ana njaa, ndiyo, na kwa sababu hana nguvu ya kudai. Tukimnyima ruhusa ya kazi, njaa yake itabaki palepale, na ile nguvu ndogo aliyo nayo itaisha. Leo anakubali 3,000; kesho, akiwa wa kujificha, atakubali 2,000. Huyo mama wa Baraka atashindana naye vipi? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Huu tuliuonja sisi wenyewe.

Gharama ya pili inatuhusu sisi moja kwa moja. Katika nchi yetu, nani ana karatasi? Hesabu ya mwisho ya wakaaji wa Kongo ilifanywa mwaka 1984. Kitambulisho ambacho watu wengi wako nacho ni karti ya mchaguzi ya CENI. Mwanachama aliyerudi baada ya kuandikwa kwa ajili ya uchaguzi wa Desemba 2023 anaweza kuwa hana. Kijana wa miaka 17 hana. Na watoto waliozaliwa Nyarugusu? Wengine wana karatasi ya kuzaliwa ya Tanzania, wengine wana jina tu katika fomu ya familia ya UNHCR, ambayo ililoa maji ndani ya boti. Hata aliyezaliwa hapa, sheria ya familia inampa mzazi siku 90 kumwandikisha eta-sivili. Zikipita, lazima kupitia tribinali. Ni wazazi wangapi wa Ubwari au wa milimani walioweza kufika kwa wakati?

Sasa fikirini siku ya kwanza ya sheria hii. Kijana wetu amezaliwa kambini, anaongea Kiswahili cha Kigoma, hana karti. Anafika kwenye tanuru la matofali. Mwenye tanuru anaogopa faini. Atamrudisha nani? Mrundi wa Lusenda ana karatasi ya ukimbizi iliyotolewa na CNR yenye picha yake. Kijana wetu hana kitu. Wa kwanza kufukuzwa na barua ya chama cha waliorudi atakuwa mtoto wa aliyerudi.

Gharama ya tatu ni nzito, na tunaisema kwa heshima. Katika teritwari yetu swali la "wewe ni wa wapi?" halijawahi kuwa swali dogo. Sheria ya uraia ya 1981 ilimtaka mtu aonyeshe kwamba kabila lake lilikuwa ndani ya mipaka ya Kongo mwaka 1885. Nani alikuwa na karatasi ya 1885? Hakuna, si Mubembe, si Mubuyu, si Mufuliiru, si Munyamulenge. Kwa hiyo sheria haikutazama karatasi. Ilitazama uso, jina na jirani aliye tayari kusema. Sheria ya Novemba 2004 ilirudisha tarehe kwenye uhuru wa nchi, lakini sumu ya ile ya kwanza bado tunainywa milimani. Tukimpa kila mwenye shamba kazi ya kuamua nani ni Mkongomani, naye hana mashine wala mafunzo, atatumia macho yake. Macho hayo tunayajua yalitufikisha wapi.

Mtu anaweza kusema: tatizo ni uchanga wa serikali yetu, nchi zenye kompyuta zinaweza. Tutazame Marekani, ambako tuko na ndugu wengi. Huko tangu 1986 kila mwajiri anatakiwa kuangalia karatasi za anayeanza kazi, na tangu 1997 iko programu ya serikali ya kulinganisha jina na namba. Kampuni ya nyama ya Swift ilikuwa inaitumia programu hiyo tangu mwanzo. Lakini Desemba 2006 maafisa wa uhamiaji waliingia katika viwanda vyake 6 kwa siku moja, wakakamata watu karibu 1,300. Ilikuwaje? Wengi walikuwa wametumia jina na namba za mtu mwingine, mtu wa kweli. Mashine iliona karatasi ni sawa. Haikuweza kuona nani ameishika. Kumbe hata kwa tajiri, ukaguzi wa karatasi unaweza kuzaa soko la karatasi. Hapa kwetu soko hilo litafunguliwa asubuhi moja tu, na tunajua nani atakaa kizuizini barabarani kukusanya makuta.

Tena iko sheria. Kongo iliingia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1965. Kifungu cha 17 kinasema masharti ya kulinda kazi za wenyeji hayamhusu mkimbizi aliyekwisha kukaa nchini miaka 3. Watu wa Lusenda wa 2015 walivuka miaka hiyo zamani. Uganda, kwa sheria yake ya 2006, imewaruhusu wakimbizi kutumika, na ndugu zetu wa Nakivale wanajua tofauti yake na Nyarugusu.

Je, tunasema sheria ya kazi ilale? Hapana. Tunasema iamke, iangalie mahali penye ubaya. Mshahara wa chini wa serikali, tangu dekreti ya Mei 2018, haujawahi kuwa chini ya franka 7,075 kwa siku. Basi katika mfano wetu wa shamba, nani anavunja sheria? Ni yule anayelipa 3,000, na alikuwa anaivunja hata alipolipa 5,000. Mwaka 2021 mkoa wetu ulisimamisha kazi za kampuni kadhaa za Wachina zilizochimba dhahabu Mwenga, baada ya wakaaji kulalamika kwamba zilifanya kazi bila ruhusa na kuharibu mito. Huko kuuliza karatasi kulikuwa na maana: aliyeulizwa ni mwenye mashine, siyo mwenye jembe la kukodi.

Kwa hiyo, kabla ya kura, tunaweka mbele yenu mambo matatu badala ya barua ile.

Moja: barua iandikwe, lakini iombe bei moja kwa kazi moja. Wanachama, wajumbe wa Lusenda na Mulongwe, masefu wa lokalite na inspekta wa kazi wakae, wakubaliane bei ya siku ya kulima, ya kubeba matofali, ya kuvuta nyavu. Mwenye kazi hatapata faida ya kumpendelea mwenye njaa zaidi.

Mbili: kabla ya mtu yeyote kuuliza karatasi, watu wawe nazo. Ndugu wafadhili, hapa tunasema nanyi. Tribinali ikikubali kuja kusikiliza kesi za vyeti vya kuzaliwa huku vijijini, watoto wengi wataandikwa kwa siku chache. Gharama ni usafiri, ada na karatasi. Ni msaada mdogo unaofungua shule, kazi na kura.

Tatu: ukaguzi wa vibali ubaki kwa inspekta wa kazi na DGM, na uanzie kwa wakubwa: kampuni za madini, wajenzi wa barabara, na sisi mashirika pia. Madaftari yetu yafunguliwe.

Kura ni yenu, wanachama. Tunaomba tu kila mmoja, akiinua mkono, akumbuke kile kibali alichoulizwa ng'ambo ya ziwa, na mshahara ambao hakuupata siku ile.