Kufufua Chombo Kikuukuu: Mashua, Mashine na Tela

(Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)




Mazungumzo haya yanahusu jambo linalomgusa kila mkaazi wa kisiwani na kila aishiye kandoni mwa maji, nalo ni namna ya kukirejesha kazini chombo kidogo kilichochakaa, pamoja na mashine yake ya kupachika na tela linalokibeba. Mfano umechukuliwa katika Mkoa wa Mara, Tanzania Bara, khususan Musoma, Bunda na Butiama. Huko, sawa na visiwani, mashua ndogo ndiyo inayompeleka mvuvi kazini, mgonjwa hospitali na mwalimu kituoni kwake. Chombo kipya ni ghali, na kwa hivyo wengi hununua kikuukuu na kukitengeneza. Hilo ni jambo jema, ila lina utaratibu wake.

Ziwa Viktoria si dimbwi. Lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na karibu nusu yake imo Tanzania. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Mwezi Julai 2023 mitumbwi ilizama Mchigondo, Wilaya ya Bunda, na watu 14 wakafariki. Kila ajali ina sababu zake, wala hazikutajwa hapa kwa kudai kuwa zote zilitokana na uchakavu. Zimetajwa ili ifahamike kuwa majini kosa dogo halina pa kukimbilia.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya matengenezo ni hii: fundi afuate hatari, asifuate macho. Kianze kile kinachoweza kuzamisha watu, na rangi ije mwisho. Mwenye chombo anayeanza kwa kupaka rangi huwa ameuficha ugonjwa kabla ya kumwita tabibu.

MWILI WA CHOMBO

Chombo cha mbao kitolewe majini, kisafishwe na kukauka, kisha kikaguliwe kutoka omo hadi tezi. Fundi achukue kisu chenye ncha na kuudunga mkuku, mataruma na mbao za chini, penye viungo na penye misumari. Mbao nzima hukataa kisu. Iliyooza humeza ncha bila ya kelele. Agonge pia kwa nyundo: mbao nzima hulia kwa sauti kavu, na iliyokufa hutoa sauti ya mto wa sufi.

Hapa pana tofauti ambayo watu wa mwambao hawana budi kuijua. Maji ya chumvi huikinga mbao kwa kiasi na uozo, lakini maji baridi hayana kinga hiyo. Chombo cha ziwani, au cha pwani kilichoachwa wazi na kujaa maji ya mvua, huoza kutoka ndani, pale ngamani ambapo jicho halifiki. Wahenga walisema: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ukaguzi nao urejee huko huko.

Kipande kilichooza kikatwe mpaka ifikiwe mbao nzima, na mahali pake paungwe mbao ngumu kama mvule. Kupigilia bati juu ya uozo si matengenezo, kwani chini ya bati uozo huendelea kula. Nyufa zitiwe kalafati ya pamba, zao linalolimwa Bunda na Butiama. Hata hivyo, chombo kilichokaa juani miezi mingi kisishindiliwe pamba kwa nguvu mno. Mbao zikirudi majini huvimba, na pamba iliyozidi huzisukuma mpaka misumari ikaachia. Baada ya kalafati chombo kiwekwe katika maji ya kina kifupi siku kadhaa, bila ya watu wala mzigo, mpaka mbao zikutane. Ndipo kivujapo pajulikane.

Ubao wa tezini unaobeba mashine ukaguliwe peke yake. Ndio unaosukumwa na kutikiswa kila safari, na ndio unaotobolewa kwa bolti. Ukilegea, mashine na tezi huweza kwenda pamoja chini ya ziwa.

Ikiwa mkuku wenyewe umeoza mahali pengi, mwenye chombo ashauriwe kwa upole lakini kwa ukweli kuwa chombo hicho kimemaliza kazi yake. Misumari, vyuma na mbao zilizo nzima vitumike kwingine.

MASHINE YA KUPACHIKA

Mashine kongwe isivutwe kamba kwa pupa siku ya kwanza. Petroli ya zamani imwagwe, na tangi, mpira wa mafuta na kabureta visafishwe. Plagi zitolewe na kuangaliwa. Oili ya giaboksi ifunguliwe. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia na sili zimekwisha. Pampu ya maji ifunguliwe pia na kipangaboi chake cha mpira kibadilishwe, kwani mpira uliokaa miaka mingi hukakamaa na kuvunjika. Mashine ya kupachika hupozwa kwa maji inayoyavuta yenyewe. Ikiwashwa nchi kavu bila ya kupewa maji, huharibika kwa muda mfupi. Ikishawaka, mwendeshaji atazame mchirizi wa maji unaotoka pembeni. Usipoonekana, azime mara moja.

Mashine za mipigo miwili huchanganyiwa oili ndani ya petroli. Nyingi hutumia sehemu moja ya oili kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 20 kwa kila lita, na baadhi ya zile za zamani huhitaji zaidi ya hapo. Kipimo kifuatwe cha kitabu cha mashine, kisikisiwe kwa jicho. Mashine za mipigo minne oili yake hukaa mahali pake, wala haichanganywi.

Mashine ikianguka majini isiachwe juani ikauke. Iopolewe, ioshwe kwa maji baridi, maji yatolewe kwenye silinda, itiwe oili na kupelekwa kwa fundi siku hiyo hiyo. Kutu huanza pale maji na hewa vinapokutana kwenye chuma kitupu. Ushahidi mkubwa wa jambo hili uko Ziwa Tanganyika. Meli ya Kijerumani Graf von Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi Julai 1916, baada ya mafundi kuzipaka mashine zake grisi nzito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarejea kazini kwa jina la Liemba. Grisi hiyo iliokoa mashine zilizokaa miaka mingi chini ya maji.

TELA

Kijiji cha Butiama, alikozaliwa na alikozikwa Mwalimu Julius Nyerere, kiko ndani, mbali na ufuo. Mtu wa huko mwenye boti hana budi kuisafirisha kwa barabara, sawa na anayenunua chombo Musoma na kukipeleka Bunda. Tela hudharauliwa kwa kuwa halielei, lakini tairi likichomoka barabarani linaweza kumuua mpita njia asiyejua hata kuogelea.

Beringi zifunguliwe, zisafishwe na kujazwa grisi mpya. Tela likifika ufuoni lisirudishwe majini papo hapo. Lingoje vitovu vya magurudumu vipoe, kwani chuma cha moto kikiingia maji baridi hunyonya maji ndani, na beringi huliwa na kutu. Tairi zitazamwe mipasuko hata kama kashata zake hazijaisha, maana tela lisilotembea huzeeka likiwa limesimama. Mkuku ulale juu ya vihimili vyake, chombo kifungwe mbele na nyuma, uzito uelemee kidogo upande wa gari, na taa za nyuma ziwake.

WAJIBU WA OFISI NA WA MWANANCHI

Kufufua chombo si jambo la kuonewa haya. Meli za MV Victoria na MV Butiama zilifanyiwa ukarabati mkubwa na kurejea ziwani mwaka 2020. Linaloonewa haya ni boti ya ofisi kulazwa ufuoni kwa kukosa kipuri kidogo, hadi mvua ikaujaza mwili wake na uozo ukamaliza kilichobaki. Kila ofisi yenye chombo iwe na daftari la matengenezo, lenye tarehe, kipuri kilichobadilishwa na saini ya aliyehusika. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Aidha, chombo kilichotengenezwa upya kisipakie abiria kabla ya kukaguliwa. Tanzania Bara kazi hiyo iko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na Zanzibar iko chini ya Mamlaka ya Usafiri Baharini. Chombo cha uvuvi kiwe pia na leseni yake. Safari ya kwanza iwe ya majaribio, karibu na ufuo, bila ya mzigo. Kila aliyemo avae jaketi okozi, kuwe na makasia na chombo cha kufulia maji, na taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa isikilizwe kabla ya kung'oa nanga.

Mwananchi anayefuata utaratibu huu atatumia siku nyingi zaidi kuliko jirani yake aliyepaka rangi na kuondoka. Siku hizo si hasara. Ndizo zinazomwezesha kuwarudisha nyumbani wale aliowapakia asubuhi.