Lenzi ya Kuvuta Mbali: Tununue Ipi?

(Hotuba iliyosomwa bwaloni mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliponiandikia alinitaka nizungumzie upigaji picha kwa jumla. Namwomba radhi, kwani sitazungumza kwa jumla. Mchana huu mtapiga kura juu ya fedha mlizochanga ili Klabu ya Malihai ya shule yetu ipate lenzi ya kuvuta mbali. Kamati imeleta mapendekezo mawili. La kwanza ni lenzi mpya ya milimita 500, namba 8, ile fupi nene yenye vioo vya kurudisha mwanga ndani yake. La pili ni lenzi iliyokwisha tumika, ya milimita 300, namba 4. Hii ya pili ni ghali zaidi. Tukichukua ya kwanza, fedha itakayobaki itanunua mahema, na najua wengi wenu mmekwisha kuyaona mahema hayo yamesimama. Mimi nimesimama kuyapinga.

Niwape kwanza kisa changu, kwa sababu lenzi ya kwanza ile naifahamu. Ninayo. Niliinunua mwaka 1991, nilipokuwa bwana mifugo huku upande wa Kyerwa, wakati huo bado ni sehemu ya Wilaya ya Karagwe. Niliuza ng'ombe wawili wa pembe ndefu. Marehemu mama hakunisemesha kwa wiki nzima, na baba aliuliza swali moja tu: "Hicho kikopo kinakamuliwa?" Nilimjibu kwamba kitaniletea nzohe.

Vijana wengine hamjamwona nzohe, na hamna kosa. Ni swala wa majimajini. Kwato zake ni ndefu na hutanuka, ndiyo maana hutembea juu ya matope ya mafunjo bila kuzama, na akitishwa hujitosa ndani ya maji akabakiza pua nje. Jina lake la kisayansi linabeba jina la Speke, yule Mwingereza aliyefika kwa Omukama Rumanyika mwaka 1861. Mwenzake Grant alikuwa amepiga picha kwa kamera Unguja mwaka 1860, lakini safari ya bara aliifanya kwa penseli na rangi za maji. Kwa mashine na vioo vya siku zile, simlaumu.

Basi nilikaa ukingoni mwa Mto Kagera jioni tatu. Jioni ya tatu, mawingu yamefunika, nzohe dume alitoka kwenye mafunjo, akasimama umbali wa kama mita sitini. Nilikuwa na filamu ya ASA 100. Kipimo cha kamera kikaniambia sehemu moja ya thelathini ya sekunde. Nikajua ni polepole mno, lakini nifanye nini? Lenzi ile tundu lake halifunguki wala halifungiki, ni namba 8 asubuhi na jioni. Nikapiga picha saba. Filamu ilisafishwa Mwanza, nikaipata baada ya wiki mbili. Katika picha zote saba nzohe wangu alikuwa uji wa ulezi uliomwagika. Nyuma yake matone ya maji yaliyokuwa yakimetameta yametokea kama maandazi yenye matundu katikati. Hiyo ni alama ya lenzi za vioo, haiondoki. Sijapata kumwona nzohe karibu vile tena.

Sasa tufanye hesabu. Kidato cha pili mmesoma pembetatu zinazofanana, basi leo zitawalipa. Kuro ana urefu wa yapata mita 1.2 begani. Akisimama mita 60, lenzi ya milimita 300 itamchora ndani ya kamera akiwa na milimita 6. Lenzi ya 500 itamchora milimita 10. Kamera ya Klabu, ile aliyotupa mmoja wa wanachama, ina bamba la kupokea picha lenye kimo cha milimita 16 hivi, tofauti na filamu yetu ya zamani iliyokuwa na 24. Kwa hiyo kuro wa lenzi ya 300 atachukua zaidi ya theluthi moja ya kimo cha picha. Huyo ni kuro anayeonekana, si kidoa. Kamera ndogo imekwisha kutusaidia nusu ya kazi, na watu wanaposhindana kwa milimita huisahau.

Sasa ile namba. Wengi hudhani namba 8 ni bora kuliko 4 kwa kuwa ni kubwa. Namba hiyo hupatikana kwa kugawa urefu wa lenzi kwa upana wa mdomo wake. 300 kwa 75 ni 4. 500 kwa 62.5 ni 8. Maana yake lenzi ile fupi ya pili ina mdomo mpana kuliko ile ndefu ya kwanza! Mwanga unaofika kwenye bamba kwa namba 4 ni mara nne ya ule wa namba 8. Pale niliposimama mimi na sehemu moja ya thelathini, namba 4 ingenipa sehemu moja ya mia moja na ishirini. Ningeweka filamu ya ASA 400, ningefika karibu na mia tano. Kanuni ya zamani husema lenzi ya 300 mkononi haitaki chini ya sehemu moja ya mia tatu, na kwa kamera ya bamba dogo afadhali uzidishe kidogo. Nzohe ningempata.

Najua kuna kijana atasema, mzee, siku hizi kamera huwekwa ISO 1600 au 3200, giza si kitu. Ni kweli, na ningeipata mwaka 1991 ningeuza ng'ombe mmoja tu. Lakini ukipandisha sana picha hujaa chenga. Tena lenzi ya vioo tunayoambiwa ni ya kulenga kwa mkono, na kamera nyingi za aina ya hiyo yetu hulenga zenyewe vizuri kwa lenzi zenye namba 5.6 au chini yake. Mtoto wa kidato cha kwanza, mikono inatetemeka, kuro anageuka kuondoka, na bado anazungusha pete? Wanyama wetu hawasubiri.

Wala si usiku wala jua la mchana tunalopigania. Mnyama wa huku hutoka alfajiri na magharibi. Kuanzia saa nne hewa juu ya nyasi za bonde huanza kuchezacheza kwa joto, na lenzi ndefu huvuta mchezo huo pamoja na mnyama. Kiangazi cha Juni hadi Agosti huongeza moshi wa nyika. Nimewahi kuona lenzi ya bei ya gari ikitoa picha ya maziwa kutoka mlima mmoja hadi mwingine hapa Karagwe. Kwa saa hizo hakuna lenzi, bora kunywa chai. Saa zetu ni kumi na mbili hadi tatu asubuhi, ukungu ukiwa unainuka bondeni, na hapo ndipo namba 4 inapopata mshahara wake.

Sitawaficha upungufu. Ndege wadogo wa mafunjoni hamtawapata vizuri kwa 300. Kuna kipande cha kuongeza urefu, hukaa kati ya lenzi na kamera. Cha mara 1.4 kitaifanya 300 kuwa 420, na namba 4 itapanda kuwa 5.6, yaani mwanga unabaki nusu. Kinafaa palipo na jua. Cha mara mbili msikinunue, kinakula robo tatu ya mwanga, nasi tutakuwa tumerudi kwenye namba 8 kwa gharama kubwa.

Kuhusu stendi ya miguu mitatu, ndani ya gari la hifadhi haina nafasi. Shoneni mfuko wa kitambaa kigumu, mjaze maharage nusu, muuweke dirishani, lenzi ilale juu yake. Maharage tunayo, na safari ikiwa ndefu yanapikwa.

Lenzi iliyotumika ikaguliwe. Mmulike ndani kwa tochi mkitazama upande wa pili. Mkiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, huo ni ukungu, iacheni. Yangu ililiwa hivyo kwa kuwa niliifungia kwenye mkoba wa ngozi masika nzima. Ngozi hunywa unyevu. Chombo cha plastiki kinachobana, na vile vipakiti vya chembechembe za kukausha vinavyokuja ndani ya viatu vipya, vinatosha. Zungusheni pete, sikilizeni kama kuna mchanga. Na muuzaji akubali kurudishiwa ndani ya siku kadhaa, kwa maandishi.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu unaisha, naona unaitazama saa. Mwaka 2019 Ibanda na Rumanyika, yaliyokuwa mapori ya akiba, yalipandishwa kuwa hifadhi za taifa. Tulipokuwa tukisoma hapa, Ibanda ilikuwa mahali pa kutishiwa watoto. Likizo ijayo Klabu itakwenda huko, kupitia Omurushaka na Nkwenda, vijana wa shule yetu wakiwa na kamera mkononi. Mahema tunaweza kuazima. Mimi mwenyewe ninalo moja, limetoboka upande mmoja, nalitoa leo.

Lenzi yangu ya mwaka 1991 nimeiweka pale mezani karibu na kitabu cha wageni, pamoja na picha zile saba. Kabla ya kura, kila mtu apite azitazame, na vijana waishike, haivunjiki. Katibu anazo karatasi za kura.