Mitishamba katika Chakula cha Kuku Wazazi: Kipimo cha Kifaranga na Udongo wa Lubumbashi

Kuku mzazi ni kuku anayefugwa pamoja na jogoo ili mayai yake yatotoleshwe, na kwa sababu hiyo mavuno yake hayahesabiwi kwa mayai yaliyookotwa jioni bali kwa vifaranga wazima wanaotoka kwenye mashine, au chini ya kuku aliyeatamia, baada ya siku 21. Tofauti hiyo ndiyo inayotawala suala zima la kutia mitishamba katika chakula chake, ingawa husahaulika kila mara vitunguu saumu, tangawizi, majani ya mlonge au ya mwarobaini yanaposifiwa kwamba huongeza utagaji.

Sababu za mfugaji wa Lubumbashi kuyageukia majani hayo zinaeleweka. Mahindi, ambayo ni sehemu kubwa ya chakula cha kuku, hutoka kwa wingi Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na bei yake hupanda katika miezi ya mvua kabla ya mavuno mapya. Dawa za viuavijasumu, yaani dawa zinazoua bakteria, nazo zina gharama, na mashaka juu yake yameenea duniani kote: Uswidi ilizipiga marufuku kama vichocheo vya ukuaji wa mifugo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukafuata kikamilifu tarehe 1 Januari 2006, kwa hofu kwamba bakteria waliozizoea wangehamia kwa binadamu. Tangu hapo utafiti juu ya mimea inayoweza kushika nafasi ya dawa hizo umekua sana, na Katanga, eneo la Lubumbashi lenye misitu ya miombo na bustani za nyumbani, haina budi kuwa na sauti katika utafiti huo.

Mimea hiyo hufanya kazi kwa njia zinazofahamika. Kitunguu saumu kinapopondwa, kimeng'enya kilichomo hukutana na kiambato kiitwacho aliini na kuzaa alisini, ambayo huzuia bakteria wengi; ndiyo maana punje iliyopikwa kabla ya kupondwa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Majani makavu ya mlonge yana protini ya takriban robo ya uzito wake, pamoja na karotini zinazokipa kiini cha yai rangi ya manjano iliyokolea. Binzari ya manjano na tangawizi zina viambato vinavyozuia oksidisho, yaani uharibifu unaofanywa na oksijeni katika mafuta ya seli, na hapo pana jambo zito kwa kuku wazazi: utando wa mbegu za jogoo umejaa mafuta yanayoharibika upesi kwa oksijeni, na kuku jike huzihifadhi mbegu hizo ndani ya vijifuko vya mfereji wake wa mayai kwa muda unaoweza kufika wiki mbili au zaidi baada ya kupandwa mara moja. Chochote kinacholinda mafuta hayo kinaweza kulinda urutubishaji, kama vitamini E inavyofanya.

Lakini mmea uleule unaoua minyoo unaweza kuzidhuru mbegu za jogoo. Mwarobaini na mbegu za papai, ambazo wafugaji wengi huzitumia dhidi ya minyoo, zimeonekana mara nyingi katika majaribio ya panya dume kupunguza idadi na mwendo wa mbegu zao. Na mashudu ya pamba, ambayo si mtishamba lakini ni funzo la karibu, yana gosipoli inayoweza kugeuza kiini cha yai lililohifadhiwa kuwa na rangi ya kahawia au kijani kibichi. Mfugaji wa mayai ya kula hatajua kamwe kwamba jogoo amepungukiwa, kwa kuwa kuku hutaga hata pasipo jogoo. Mwenye kuku wazazi atajua, ila atajua kwa kuchelewa. Kiini cha yai hukua kwa haraka katika siku kama 10 za mwisho kabla ya kutagwa, mbegu mpya za jogoo huhitaji takriban wiki mbili kukomaa, zile za zamani bado zimo ndani ya kuku jike, kisha zinafuata siku 21 za kutotoa. Kwa hiyo anayejaribu dawa kwa wiki moja na kuona mayai hayajapungua hajapima kitu chochote kinachohusu uzazi.

Upo pia mpaka ambao mitishamba haiuvuki. Mdondo, ugonjwa wa virusi unaoweza kumaliza banda zima, una chanjo ya kweli, ikiwemo ile ya I-2 iliyotengenezwa Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na majokofu ya kutosha, inayodondoshwa jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Majaribio ya shubiri mwitu yaliyochapishwa mwaka 2002 na watafiti wa Afrika Mashariki yalionyesha kwamba utomvu wake ulipunguza vifo vya kuku walioambukizwa virusi hivyo bila kuvikomesha. Kumnyima kuku chanjo kwa kutegemea utomvu ni kosa, na halina budi kuitwa hivyo.

Hata hivyo, swali zito kuliko yote mjini Lubumbashi linahusu mahali mmea ulipoota. Kiwanda cha kuyeyushia shaba kilichoanza kazi mwaka 1911 kilimwaga vumbi na moshi kwa miongo mingi, na kwa kuwa pepo nyingi huvuma kutoka kusini-mashariki, ardhi ya upande wa pili, hasa mtaa wa Penga Penga, ilibaki na shaba, kobalti, risasi na kadimi nyingi mno. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo vilivyoonyesha kobalti kwa kiwango kikubwa sana kwa wakazi wa karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Jani lililoanikwa katika kiangazi, vumbi likiwa limetanda, hubeba madini hayo juu yake na ndani yake. Kadimi hukaa zaidi katika ini na figo za kuku, lakini risasi huwekwa mifupani pamoja na kalisi, na kuku anayetaga huchota kalisi ya mifupa yake usiku kucha ili kujenga ganda. Risasi hutoka nayo, na sehemu yake huingia katika kiini kinachomlisha kifaranga.

Kwa hiyo jaribio linalofaa katika mji huu si gumu kulieleza: mabanda mawili ya kuku wa umri na ukoo mmoja, jogoo mmoja kwa majike 10, chakula kimoja isipokuwa mtishamba, kwa muda usiopungua wiki sita, mayai ya pande zote mbili yakiwekwa katika mashine moja, yakimulikwa siku ya saba ili yasiyorutubishwa yatengwe, na vifaranga wakihesabiwa na kupimwa uzito. Kitivo cha Tiba ya Wanyama cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kinaweza kulisimamia pamoja na wafugaji wenyewe, na majani yapimwe madini kabla ya kumfikia kuku yeyote. Mpaka hapo, wafugaji wanaombwa wapande mlonge na vitunguu saumu mbali na viwanda, wawaepushe majogoo wa mbegu na mwarobaini na mbegu za papai, na wasiokote majani ya Penga Penga hata kama ni ya bure.